Ngome ya Minyaa

Neno boma lina makazi mengi. Kwa mfugaji ni zizi la ng'ombe. Kwa fundi ni nyumba iliyosimama kuta, inayosubiri bati. Kwa wazee wa Kahama, Tabora na Mwanza, bomani ni kwa mkuu wa wilaya, mahali ambapo mtu haendi bila kuitwa, na akiitwa anavaa shati lililopigwa pasi. Nilizisikia maana hizi zote nyumbani kabla sijajua kwamba zina historia. Uzio wa ng'ombe ulikuwapo kwanza. Ofisi ilikuja baadaye, na ilikuja na mlingoti.

Sasa ninaandika tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu vitu hivyo viwili, ngome na bendera za kivita, katika nchi ya Wanyamwezi na Wasukuma, kuanzia siku za Mirambo hadi mwisho wa Vita Kuu ya Kwanza. Kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kutengeneza jedwali: jina la ngome, mahali ilipo, mwaka wa ujenzi, aliyeijenga, hali yake leo. Upande wa Wajerumani jedwali lilijaa haraka. Bukoba, Mwanza, Tabora, Biharamulo. Wajerumani walijenga kwa mawe na chokaa, wakapiga picha, wakaandika ripoti, na ripoti zikatunzwa. Lakini ukanda ninakotoka, kuanzia Shinyanga kupita Kahama hadi Geita, ulibaki karibu mtupu. Mwenzangu wa darasani, mtu wa Unguja aliyekua akiitazama Ngome Kongwe kila siku, alilipitia jedwali langu akacheka. "Kwenu kuna mashimo tu, dada."

Alikuwa anatania, na mashimo kweli yapo. Ukisafiri kutoka Kahama kwenda Geita utayaona maduara ya wachimbaji wadogo pembeni mwa mashamba ya mpunga na pamba, maturubai ya bluu, karasha zinazosaga mawe usiku na mchana. Utaona pia uzio wa migodi mikubwa, wenye waya, taa na walinzi, ambao kama ningekuwa ninaandika juu ya karne hii ningeuingiza kwenye jedwali bila kusita. Hata hivyo, nilijua kuna kitu kimekosekana. Nilikijua kwa sababu nimekua ndani yake.

Mnyaa ni mti usio na haja ya kusifiwa. Hauna majani ya kutaja, una vijiti vya kijani vilivyonona, na ukiuvunja unatoa utomvu mweupe. Utomvu huo ukiingia jichoni, mtu anaweza kushinda siku kadhaa gizani, na wapo waliopofuka. Ng'ombe hawauli. Mbuzi, ambao hula hata kanga iliyoanikwa, hawauli. Moto wa nyika ukipita, uzio mzito wa minyaa hauwaki kama miti mingine. Ukikata kijiti na kukichomeka ardhini kinaota, hata mwaka wa ukame. Kwa sifa hizo, watu wa nchi hii kavu waliufanya kuwa ukuta wao. Wasafiri wa Ulaya waliopita Usukuma na Unyamwezi katika karne ya 19, akiwamo Stanley aliyevuka Usukuma mwaka 1875, walikuta vijiji vimezungushiwa uzio wa miti hiyo, kijani iliyokolea katikati ya mbuga za majani makavu.

Wenyeji walijua uzio ule unavyofanya kazi. Minyaa ilipandwa kwa mistari, mmoja ndani ya mwingine, hadi ikashikana. Mlango uliachwa mmoja, mwembamba, unaozibwa kwa magogo usiku. Mahali pengine palisimikwa pia nguzo za miti, na ndani palikuwa na tembe, nyumba ndefu za udongo zenye paa bapa, zilizounganishwa zikawa ukuta wa pili. Hatari ikitokea unapigwa mwano, ukelele wa kuita watu, na kila aliyeko shambani anakimbilia ndani na ng'ombe wake. Adui mwenye mkuki hapiti. Adui mwenye gobori haoni wa kumpiga. Akijaribu kukata njia kwa panga, utomvu unamrukia usoni. Ni ngome inayomea, inayojiziba yenyewe palipotoboka.

Sitaki kuipamba. Watu hawakujifungia ndani ya minyaa kwa kupenda bustani. Biashara ya pembe za ndovu na ya watumwa ilileta bunduki, bunduki zikaleta ruga-ruga, vijana wa vita waliomtumikia mkubwa yeyote mwenye baruti. Mirambo wa Urambo, aliyekufa mwaka 1884, alijenga dola kubwa kwa jeshi la namna hiyo, na katika njia zake viko vijiji vilivyochomwa. Boma lilizaliwa na hofu. Wengine waliingia humo wakiwa wageni wenye kuomba hifadhi, wengine wakiwa mateka wasioulizwa. Lakini aliyekuwa ndani alijua ukuta ule ulipandwa kwa ajili ya kumlinda na jambo lililoko nje.

Bendera ilipofika, mpango huo ulianza kugeuka.

Pwani ilikuwa imeshaona. Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilichukua utawala wa miji ya mrima kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar, na pale Pangani ofisa wake, Emil von Zelewski, akataka bendera ya kampuni ipandishwe. Liwali alikataa, watu wakakasirika, na ugomvi wa bendera ukawa cheche ya vita vya Abushiri, vilivyomalizika kwa Abushiri kunyongwa Desemba 1889. Zelewski alinusurika Pangani. Alikufa Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, safari hii akiwa kamanda wa jeshi, mbele ya mikuki ya Wahehe wa Mkwawa. Miaka mitatu kwa mwezi uleule, kutoka mlingoti hadi kaburi. Nimeiweka habari hii mwanzoni mwa tasnifu yangu kwa sababu inaonyesha kitambaa kile kilichukuliwaje na pande zote mbili. Aliyeipandisha aliona nchi imeshakuwa yake. Aliyeikataa alielewa hivyohivyo.

Bara, bendera nyeusi, nyeupe na nyekundu ilifika Tabora mwaka 1890 mikononi mwa Emin Pasha, ambaye alifanya mapatano na mtemi Isike wa Unyanyembe, kisha akaendelea kaskazini na mwisho wa mwaka huo akaanzisha kituo Bukoba. Isike hakuona kwamba mapatano yanamfanya kuwa mtu wa chini. Akaendelea kuwa mtemi ndani ya ikulu yake yenye ukuta imara, akarudisha nyuma mashambulizi ya Wajerumani zaidi ya mara moja. Januari 1893 Tom von Prince aliivamia ikulu ile na kuivunja. Isike, alipoona yamekwisha, aliwasha ghala lake la baruti akiwa ndani. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Oktoba 1894, ngome ya Mkwawa pale Kalenga nayo ikaanguka. Katika muda usiozidi miaka miwili, kuta mbili mashuhuri za Waafrika katika sehemu hii ya bara zilikuwa zimebomolewa, na mawe yakaanza kupangwa kwa ajili ya kuta za aina nyingine.

Nimekwenda Biharamulo kuliona mojawapo. Kutoka Geita unapita Chato, unapanda, na boma la Wajerumani bado limesimama, jeupe, vyumba vikizunguka uwanja wa katikati. Ni jengo zuri. Sioni sababu ya kusema uongo. Niligusa kuta zake nikapima unene kwa shibiri. Lakini nilipokuwa ninachora ramani yake niliona jambo lililonifanya nikae chini. Uwanja wa katikati, ambao kwenye boma la minyaa ungekuwa wa ng'ombe na watoto, hapa ulikuwa wa gwaride na mlingoti. Jengo halikuwa na nafasi ya kijiji kukimbilia. Hofu ile ya zamani ilikuwa bado ipo, ila sasa waliojificha ndani ni wachache, na wanaoogopwa ni kijiji. Tangu hapo bomani ikawa mahali pa kuitwa: kodi, kesi, kazi ya lazima.

Bendera zenyewe hazikukaa sana. Julai 1916 Waingereza waliingia Mwanza, kisha wakashuka kusini kupita Shinyanga. Septemba 1916 jeshi la Wabelgiji, wengi wao askari wa Kongo, liliingia Tabora kabla yao. Mwaka 1917 Wabelgiji wakaikabidhi Tabora kwa Waingereza. Mwanamke aliyekuwa akiuza karanga Tabora katika miezi hiyo aliona milki tatu zikipita juu ya mlingoti kabla mtoto wake mchanga hajajifunza kutembea vizuri. Kabla ya kuondoka, Wajerumani waliokuwa wameishiwa fedha walichukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, kule Iramba, wakaifanya sarafu za rupia 15 palepale Tabora. Upande mmoja tai wa dola yao, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga. Leo sarafu hizo zinanunuliwa ghali na wakusanyaji wa Ulaya na Marekani. Kwa kadiri ninavyojua, ndiyo mara ya kwanza dhahabu ya nchi yetu kubeba nembo ya dola.

Waingereza nao walileta bendera yao nyekundu yenye kichwa cha twiga ndani ya duara jeupe. Walikaa katika maboma yaleyale. Neno halikubadilika, mlango haukubadilika.

Mtu akiniuliza sisi tulikuwa na bendera gani kabla ya hapo, ninampeleka Bujora. Ni karibu na Mwanza, pale Kisesa, ambako makumbusho ya Wasukuma yana nyumba ya ng'oma za watemi. Mtemi hakutawala kwa kitambaa. Alitawala kwa ng'oma. Kushika utemi kulisemwa kuwa ni kushika ng'oma, na aliyenyang'anywa ng'oma hakuwa mtemi tena hata kama bado ana watu. Ninazitazama zile ng'oma na kuwaza tofauti moja ya kawaida kabisa. Bendera huonwa na aliye mbali, na mara nyingi aliye mbali ni adui, au ofisa mwenzako anayekuja na darubini. Ng'oma husikika, na anayetakiwa kuisikia ni mtu wako aliyeko shambani. Hata neno ikulu, linaloita leo nyumba ya Rais wetu, limetoka kwenye lugha zetu hizi, kwenye makazi ya mtemi. Neno liliendelea kuishi. Ng'oma zikaenda makumbusho, na mwaka 1963 utemi wenyewe ukafutwa kwa sheria.

Watu hawakuacha kubishana na boma. Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ilipotaka kuweka Geita halmashauri ya mchanganyiko wa mataifa, watu wa Geita walikataa. TANU ilikuwa imezuiwa kufanya kazi Usukumani, hivyo hawakuwa na chama cha kusemea. Walikwenda wenyewe, umati, hadi Mwanza, wakakaa huko wakisubiri jibu, mpaka polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Safari hii hawakuitwa bomani. Walijipeleka. Miaka mitatu baadaye, Desemba 1961, bendera mpya ilipandishwa, na ndani yake mlikuwa na mstari wa rangi ya dhahabu. Bendera ya Tanzania imeuhifadhi: kijani kwa ardhi, nyeusi kwa watu, bluu kwa maji, na pembeni mwa nyeusi, milia miwili ya dhahabu kwa ajili ya madini.

Mstari huo ndio ulionisomesha. Baba alifariki nikiwa darasa la tano, na mama akaenda kupika kwenye machimbo. Alihamia kila ilikosikika dhahabu, upande wa Geita na upande wetu, akiwa na sufuria tatu, turubai na daftari la madeni. Wachimbaji hula kwanza na kulipa mawe yakitoa. Yasipotoa, mama ntilie hulia na daftari lake. Ada yangu ya sekondari, nauli ya chuo, hata kompyuta ninayoandikia sasa, vimetoka kwenye sufuria hizo. Ninalisema hili kwa sababu wanaoandika juu ya urithi huwataja wachimbaji kama panya walioingia ghalani. Mimi siwezi.

Nyumba ya ukoo wetu iko upande wa Kahama, juu ya kilima kifupi. Nyuma yake kuna duara la minyaa mizee, shina nene kama kiuno cha mtu, lenye mlango mmoja unaotazama mashariki. Ndani siku hizi hakuna nyumba. Ni nyasi, mawe matatu ya jiko la zamani, na ndama wanaofungiwa humo wakati wa kuachishwa kunyonya. Tulipokuwa watoto tulikatazwa kuvunja vijiti vyake. Tuliambiwa ni boma la wazee, la mwanangwa aliyekuwa akiangalia kijiji kwa niaba ya mtemi, na basi.

Mwaka jana kikundi cha wachimbaji wadogo kilipata leseni inayofika hadi kwenye kilima hicho. Walikuja kwa adabu, wakiongozwa na mwenye leseni, mtu wa makamo aliyepiga goti mbele ya babu. Walihitaji ridhaa yetu tulio na ardhi. Mkanda wa mawe, walisema, unapita chini ya minyaa. Wakikubaliwa watang'oa uzio, watafungua maduara, na ukoo utapata fungu lake katika kila mzigo utakaotoka. Baba mkubwa alikuwa ameshakubali moyoni. Ana watoto sita na mashamba ambayo mvua imeyakimbia misimu miwili. Babu alisema ataongea na mjukuu wake anayesoma mambo ya kale.

Nikafungua Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Inalinda majengo, ngome na kazi nyingine za mikono ya watu zilizofanywa kabla ya mwaka 1886. Vya baada ya hapo vinahitaji kutangazwa rasmi na waziri. Nilisoma mara mbili. Kwa kipimo hicho, maboma yote ya mawe ya Wajerumani yamechelewa. Ni lazima yatangazwe ndipo yalindwe. Na uzio wa minyaa nyuma ya nyumba yetu unaweza kuwa ndani ya sheria bila kutangazwa na mtu yeyote, ili mradi nithibitishe mwaka.

Nilipanda basi usiku, nikafika asubuhi. Babu alikuwa nje anaota jua.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja na karatasi?"

"Nimekuja na swali. Boma hili lilipandwa mwaka gani?"

Alinitazama kwa huruma. "Kabla ya sotoka."

Sotoka, maradhi yaliyofagia ng'ombe wa Afrika Mashariki, iliingia yapata mwaka 1890 na 1891. Nikahesabu. Kabla ya 1891 si lazima iwe kabla ya 1886. Miaka mitano ilikuwa imesimama kati ya babu na sheria. Nikamweleza. Akauliza mwaka huo wa 1886 kulitokea nini hata ukachaguliwa. Nikamwambia sheria yenyewe haisemi, ila ninachojua ni kwamba mwaka huo Waingereza na Wajerumani walikubaliana mpaka wa kugawana nchi hii.

"Kwa hiyo chetu kinakuwa cha zamani," akasema, "pale tu walipokubaliana wao?"

Sikuwa na jibu. Nilibadilisha swali. Aliyekuambia habari za sotoka ni nani? Babu yake. Yeye wakati wa sotoka alikuwa mtu wa umri gani? Babu akafikiri. Alikuwa ameshaoa, akasema, kwa sababu mahari ya mke wa pili ilikufa ikiwa zizini, na hiyo ndiyo hadithi aliyokuwa akiisimulia, jinsi alivyokosa mke wa pili. Na alizaliwa wapi? "Humo," akaonyesha kwa fimbo. "Kitovu chake kimezikwa karibu na mlango." Mtu aliyekuwa ameshaoa na anatafuta mke wa pili mwaka 1891 hakuzaliwa baada ya 1875. Minyaa iliyomzunguka alipozaliwa ilikuwa imeshapandwa. Niliandika hesabu hiyo kwenye daftari, nikaipigia mstari mara mbili, mikono ikitetemeka.

Barua niliandika usiku uleule kwenda kwa ofisa anayehusika. Jibu lilikuja kwa simu baada ya wiki tatu: imepokelewa, mtaalamu atakuja kuona fedha zikipatikana, na je, hakuna mabaki yoyote ya mawe au bunduki?

Aliyenipa kazi ngumu zaidi ni mama. Nilimweleza yote wakati akichambua maharage. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Minyaa hailiwi hata na mbuzi," alisema. "Wewe umelishwa na mashimo."

"Najua, mama."

"Basi ukisimama mbele ya wale watu usiwaite waharibifu. Waambie unachotaka na uwaambie watakula wapi."

Mkutano mwenyekiti wa kijiji alitaka ufanyike ofisini kwake, chini ya mti, mbele ya bendera. Ni utaratibu wa kawaida. Kila ofisi ya kijiji ina mlingoti. Babu alikataa. Alisema jambo la boma litazungumzwa ndani ya boma. Kwa hiyo Jumamosi moja asubuhi ndama walitolewa, viti vya plastiki na mikeka vikaingizwa, na watu wapatao arobaini wakapita mmoja mmoja katika ule mlango wa mashariki, wakiinamisha mabega ili utomvu usiwaguse: wazee wa ukoo, wachimbaji, mwenyekiti, wake na wajane wa nyumba yetu. Niliangalia wanavyoingia. Kila mmoja alipofika ndani alitazama juu na pembeni, na sauti ikashuka. Upepo ulikuwa mkali nje; ndani haukuwapo. Mwenye leseni alisema kwa mshangao kwamba hakujua pana nafasi kubwa hivi.

Nilipewa nafasi ya kusema baada ya wazee. Sikusoma sheria. Nilisimulia habari ya mtu aliyezaliwa pale, mahari yake ikafa zizini, na nikaeleza ukuta ule ulivyofanya kazi usiku wa mwano. Kisha nikasema tulichokuwa tumepanga mimi na mama: maduara yafunguliwe chini ya kilima, nje ya uzio, hatua hamsini kutoka shina la mwisho, na mkanda ukifuatwa usipite chini ya duara. Fungu la ukoo libaki palepale. Baba mkubwa aliuliza kama mkanda ulionona uko hapa chini je? Ni swali la haki, na nilimwambia hivyo. Mama, ambaye kwa mila ni mke aliyekuja, akasimama bila kuitwa. Alisema amekaa kwenye machimbo miaka kumi na nne, ameona maduara mengi yakifungwa na watu wakihama, na hajaona hata moja ambalo wenyewe walirudi kulifukia. "Dhahabu ikiisha mtaondoka. Sisi tutafungia ndama wapi?"

Watu walicheka, na kwenye kicheko hicho mambo yakalainika. Waliandikishana. Hatua zilihesabiwa na kijana mrefu wa upande wetu na kijana mrefu wa upande wao, kila mmoja akishuku urefu wa hatua za mwenzake.

Makubaliano hayo ni ya msimu mmoja, yataangaliwa tena baada ya mavuno. Sijui mkanda utaelekea wapi, na bei ya dhahabu haijui habari za mwanangwa. Kikundi kimeshafungua maduara mawili. Mama amehamishia turubai lake hapo chini, na watoto wa wachimbaji wanaonywa wasichezee vijiti. Palipokuwa na pengo upande wa kusini, ambako mti mmoja ulikuwa umekauka, babu amechomeka vijiti vipya saba. Vitano vimeshika.

Nimerudi chuoni na jedwali langu. Mstari mpya umeongezwa, chini ya Biharamulo. Mahali: Kahama. Aliyejenga: wakazi. Hali ya leo: linaishi, linatumika. Msimamizi wangu amekubali mstari huo ubaki, ila ameweka alama ya kuuliza kwenye safu ya mwaka, kwa kuwa safu hiyo inataka tarakimu. Nimeziandika tarakimu kwenye maelezo ya sura, pamoja na hesabu yote ya mahari. Kwenye safu yenyewe nimeacha jibu nililopewa: kabla ya sotoka.